Maji Yaliyotuama Moyoni mwa Ua



Kwenye baraza ya nyumba ninayopanga, pembeni mwa barabara ya Entebbe, pana chungu kimoja ambacho wageni hukiinamia kabla ya kubisha hodi. Mmea uliomo una majani mapana na magumu yaliyopangana kwa duara, mengine yakiyakumbatia mengine, na juu ya ukijani wake imetandazwa mikanda ya rangi ya fedha kana kwamba mtu ameyapaka majivu kwa kidole. Kingo za majani zina miiba midogo myeusi. Ukiingiza mkono bila adabu utatoka na michubuko. Katikati husimama bua moja lenye shada la rangi ya waridi, na ndani ya shada huchungulia viua vya zambarau ambavyo hunyauka baada ya muda mfupi, ilhali shada lenyewe hudumu miezi mitano, hata sita. Chini kabisa, pale majani yanapokutana, pana kikombe cha maji.

Habari ninayotaka kukusimulia ni ya kikombe hicho. Kwa sababu yake nilimjibu jirani yangu kwa kiburi, kisha nikalazimika kumfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Lakini huwezi kuielewa habari hiyo bila kuujua mmea wenyewe na namna unavyotunzwa, kwa hiyo nivumilie nianzie huko.

Wataalamu wa mimea huuita Aechmea fasciata. Sehemu ya kwanza ya jina imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ncha ya mkuki. Ya pili ni ya Kilatini, nayo maana yake ni "-enye mikanda". Ukoo wake wote huitwa bromelia, kwa kumkumbuka Olof Bromelius, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyeishi kati ya mwaka 1639 na 1705. Kiswahili hakijaupa mmea huu jina la kwake, nami sioni haja ya kulilazimisha. Nasema bromelia, na nomino hiyo naiweka katika ngeli ya I-ZI: bromelia yangu imechanua, bromelia zetu zimechanua.

Hata hivyo, yupo ndugu wa mmea huu unayemjua tangu utotoni. Nanasi ni bromelia. Litazame vizuri nanasi lililo shambani, kule Kayunga au Luweero, utayaona majani yaleyale magumu yaliyozunguka moyo mmoja, na shina linalozaa mara moja kisha likawaachia nafasi watoto wake. Hata jina tumelipokea kutoka mbali. Watu wa jamii za Watupi na Waguarani wa Amerika ya Kusini ndio waliokuwa na neno hilo. Wareno wakalibeba pamoja na tunda, na leo Mganda husema "ennanansi", Mswahili husema "nanasi", na mchuuzi wa sokoni hajui kwamba mdomoni mwake pana neno la Brazil. Bromelia yangu pia asili yake ni Brazil, katika misitu ya kusini-mashariki, upande wa Rio de Janeiro. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza kufikiri siku nilipopewa chipukizi la kwanza. Sikufikiri.

Nilipewa na mwalimu mwenzangu wa Jiografia alipohamishwa. Alinikabidhi chipukizi likiwa limefungwa ndani ya gazeti, akasema sentensi moja: "Usimwagilie udongo, mwagilia moyo." Nilidhani ni fumbo, nikalifurahia kama mtu wa lugha anavyofurahia mafumbo, kisha nikaenda kufanya kinyume chake. Nilichota udongo mweusi wa bustani, nikauchanganya na samadi ya ng'ombe, nikalipanda chipukizi kama ninavyopanda maharagwe. Baada ya wiki sita lilianza kuyumba. Nilipolivuta lilitoka lote mkononi. Kitako kilikuwa kimelainika, kimegeuka rangi ya kahawia, nacho kilinuka kama ndizi iliyosahauliwa kabatini. Nikamwandikia mwenzangu. Alinitumia chipukizi la pili kwa basi, na safari hii maelezo yalijaza ukurasa.

Kwao msituni, bromelia hii haikai ardhini. Hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa. Haiunyonyi mti hata kidogo, basi usiifananishe na kimelea. Mti kwake ni kiti tu. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika, kama vidole vya mtoto aliyepanda mwembe. Chakula na maji hupokelewa na majani yenyewe. Ule unga wa fedha niliokueleza ni vigamba vidogo mno vinavyofyonza unyevu, na mvua inayoteremka hukusanyika katika kile kikombe cha katikati pamoja na majani makavu na wadudu waliokufa, vikaoza taratibu na kuwa uji wa kuulisha mmea. Ukielewa hilo, mengine yote yanafuata yenyewe.

Udongo mzito huua kwa sababu mizizi ya mshikaji haikuumbwa kuishi ndani ya matope. Mimi sasa hutumia vipande vya gome la msonobari ninavyookota kwa maseremala, nikavichanganya na makaa yaliyopondwa na changarawe kidogo, katika chungu cha udongo chenye tundu kubwa chini. Maji yakimwagwa juu yapite mara moja kama yapitavyo kwenye chujio. Chungu kiwe kizito, maana mmea huu huelemea juu na upepo wa ziwani hauna huruma. Usilifukie chipukizi, liweke juujuu, ulishikilie kwa kijiti mpaka lijishike lenyewe.

Mwanga uwe mwingi lakini usiwe jua la saa sita. Baraza inayoangalia mashariki inatosha. Majani yaliyoungua hupata mabaka ya rangi ya majani ya chai, na mabaka hayo hayafutiki. Na ukiona vumbi, lioshe kwa maji, usilifute kwa kitambaa: nilipofuta kwa bidii ya mtu anayetegemea wageni, fedha yote ya jani moja ilibaki kwenye kitambaa, na jani hilo lilikaa kijani tupu hadi lilipokufa. Maji bora ni ya mvua. Kamwe usiyaweke kwenye chombo cha shaba, kwa kuwa shaba ni sumu kwa ukoo huu. Nitakuja kukueleza jinsi watu walivyoitumia sumu hiyo makusudi.

Mbolea? Kidogo sana, iliyozimuliwa, tena mara chache. Mmea uliozoea kula majani makavu hauna haja ya karamu.

Kuchanua kunataka subira ya miaka miwili au mitatu, na mmea mwingine hukaidi kabisa. Ipo njia ya kuushawishi. Mwaga maji yote ya kikombe, ufunike mmea kwa mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na ndizi mbili tatu zilizoiva sana, uuache hivyo kivulini kwa siku saba hadi kumi. Ndizi inapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoutangazia mmea kwamba wakati umefika. Wakulima wa mananasi hutumia jambo hilohilo wanapotia kabaidi kidogo katika moyo wa mmea ili shamba zima lizae kwa pamoja. Miezi michache baada ya karamu ya ndizi, nililiona shada langu la kwanza likichomoza kutoka ndani ya maji, dogo kama ncha ya kalamu.

Baadaye mama alianza kufa. Usishtuke yakikupata. Bromelia huchanua mara moja katika maisha yake, kisha hunyauka polepole kwa muda wa mwaka au zaidi, huku machipukizi yakitoka ubavuni. Subiri chipukizi lifikie theluthi ya kimo cha mama, au nusu, ulikate kwa kisu kikali, uliache siku mbili jeraha likauke, ndipo ulipande. Mimi nilikuwa na machipukizi matatu, yote yakiwa na vikombe vyao, na vyote nilivijaza maji kila nilipoona vinapungua. Usimwagilie udongo, mwagilia moyo. Sentensi ya rafiki yangu niliishika kama aya. Hakuniambia, nami sikujiuliza, maji hayo yakae muda gani.

Mvua za Aprili zilikuwa nzito mwaka huo. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa pacha. Hapa Buganda mama wa pacha huitwa Nalongo, na ni jina la heshima ambalo hulibeba maisha yake yote. Wanawe wa kiume ni Wasswa, aliyetangulia, na Kato, aliyefuata. Kato aliugua malaria, akalazwa siku mbili, akarudi nyumbani macho yamemzama. Jioni ya siku aliyorudi, Nalongo alikuja hadi kwenye baraza yangu. Alizungumza Kiganda, nami nakutafsiria. Alipiga magoti kunisalimu kama desturi ilivyo, akaniuliza habari za kazi, nikamuuliza habari za mgonjwa. Kisha akaelekeza kidole kwenye vyungu.

"Mwalimu, samahani. Yale maji ya kwenye maua yako, hayatuletei mbu?"

Ningeweza kusema tukaangalie. Badala yake nilitoa somo. Nilimwambia kwamba mbu wa malaria hupenda maji ya ardhini, madimbwi yenye jua. Kwamba ua ni ua. Kwamba serikali imetugawia vyandarua, na vyandarua ndivyo vya kuuliziwa. Nadhani hata sauti yangu ilikuwa ile ya darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma," akaondoka.

Neno hilo halikuniacha nilale. Saa nne usiku nilichukua tochi, nikaenda barazani, nikainama juu ya chungu cha kwanza. Maji yalikuwa ya rangi ya chai hafifu. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha uso wa maji ukachezacheza, na vijinyuzi vyeusi vikashuka chini vikijikunja na kujikunjua. Nilileta beseni jeupe, nikaupindua mmea juu yake. Viluwiluwi vilikuwa zaidi ya ishirini. Katika chungu cha pili vilikuwapo pia, na katika cha tatu.

(Neno hilo, mwanafunzi, hutumika kwa watoto wa chura na kwa watoto wa mbu vilevile. Husomwa kama linavyotembea.)

Nilikumbuka somo moja la Bayolojia. Kiluwiluwi cha mbu aina ya Anofelesi, yaani mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Viluwiluwi vya mbu wengine, akiwamo yule aitwaye Aedes, huning'inia kichwa chini, wakivutia hewa kwa mrija wa mkiani. Vyangu vilining'inia, vyote. Kwa hiyo malaria ya Kato haikutoka kwenye beseni lile. Nilikuwa nimesema kweli bila kujua kama ni kweli, na kilichonisumbua ni hicho. Vilevile nilikuwa nimelea mbu hatua kumi kutoka kitanda cha mtoto mgonjwa.

Siku zilizofuata nilisoma. Jambo la kwanza nililolipata lilivunja hata ile kweli niliyokuwa nimeibahatisha. Zipo sehemu za dunia ambako bromelia zimewaletea watu malaria. Katika kisiwa cha Trinidad, miaka ya 1940, mashamba ya kakao yalikuwa na miti mirefu ya kivuli, na matawi ya miti hiyo yalijaa bromelia. Ndani ya vikombe vyao alizaliana Anofelesi wa aina ya pekee. Hapo ndipo shaba ilipotumika: miti ilinyunyiziwa maji yenye chumvi ya shaba, na bromelia zikafa. Miongoni mwa watafiti waliofanya kazi huko alikuwamo Colin Pittendrigh, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa utafiti wake kuhusu saa za maumbile zilizomo ndani ya viumbe. Kusini mwa Brazil, katika jimbo la Santa Catarina, kazi ilikuwa ya mikono: bromelia zilibanduliwa mitini kando ya miji, na mahali pengine msitu ulikatwa, pakapandwa mikaratusi. Anofelesi hao wa bromelia hawako Afrika. Makazi yao ni mabara ya Amerika tu. Lakini niliposema "ua ni ua" sikuwa nimelijua lolote kati ya hayo.

Jambo la pili lilikuwa la hapahapa kwetu. Yuko mbu wa Kiafrika ambaye jina lake la kitaalamu ni Aedes bromeliae. Hutaga mayai katika maji yanayokusanyika kwenye makwapa ya majani ya migomba, ya magimbi, na ya mananasi. Kazi yake mbaya kuliko zote ni kusambaza homa ya manjano. Katika miaka ya 1940, watafiti wa Entebbe, akiwamo Alexander Haddow, walikwenda Bwamba, magharibi mwa Uganda, wakaeleza jinsi mambo yanavyokwenda: kima wenye virusi hutoka msituni kuiba ndizi, mbu wa kwenye migomba humuuma kima, kisha humuuma mwenye shamba. Homa hiyo haijatuacha. Mwaka 2016 ilizuka Masaka.

Jambo la tatu nilikuwa nalipita kila ninapokwenda Entebbe. Msitu wa Zika hauko mbali na barabara hii. Ni msitu mdogo, na ndani yake umesimama mnara wa chuma ambao Haddow na wenzake walipanda usiku na mchana kuhesabu mbu wanaouma katika kila kimo. Mwaka 1947, kima wa utafiti aliyewekwa kizimbani juu ya mti msituni humo alipata homa, na ndani ya damu yake kikapatikana kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Mwaka uliofuata kilipatikana katika mbu wa msitu huohuo. Kikaitwa Zika. Miaka karibu 70 baadaye kirusi hicho kilikuwa kimefika Brazil, na mwaka 2015 kina mama wa huko wakaanza kujifungua watoto wenye vichwa vidogo kuliko kawaida. Tarehe 1 Februari 2016, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Mwaka huohuo mbu wenye kirusi hicho walinaswa katika bustani ya mimea ya Miami Beach, Marekani, na bromelia za bustani hiyo zikang'olewa.

Nilikaa na habari hiyo kwa muda mrefu. Ua la Brazil lilikuwa barazani kwangu Uganda, na ugonjwa wenye jina la msitu wa Uganda ulikuwa umelala vitandani Brazil. Huko Rio de Janeiro watafiti walihesabu viluwiluwi ndani ya bromelia, wakakuta kwamba Aedes aegypti, yule mbu hatari wa mijini, alikuwa wachache mno humo ukilinganisha na mbu wengine. Matangi, ndoo na matairi ya watu ndiyo yaliyomlea zaidi. Mtu anayetaka kulitetea ua angeishia hapo. Nilitamani kuishia hapo. Lakini lile beseni lilikuwa bado jikoni kwangu.

Katiba ya Uganda, Ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Ibara ya 17, inapotaja wajibu wa raia, inamtaka aunde na kuyalinda mazingira ya namna hiyo. Nimezifundisha ibara hizi, kwa sababu pia Katiba hiyohiyo ndiyo iliyokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na wanafunzi hupenda kuisoma. Ninapofundisha, mfano wangu wa mvunjaji wa Ibara ya 17 huwa ni kiwanda kinachomwaga taka mtoni. Haki ya Nalongo na wajibu wangu vilikuwa vimekutana katika kikombe kisichojaa hata glasi moja, nami niliyetakiwa kuvitambua nilikuwa nimemwambia akaulizie vyandarua.

Jumapili alasiri nilikwenda kwake. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia: "Nalongo, juzi nilisema nisichokijua. Nimeangalia. Mbu wamo." Nilimweleza pia kwamba hao hawakuwa mbu wa malaria, lakini niliyasema hayo mwishoni, kwa maana nilijua yakitangulia yatakuwa utetezi.

Hakucheka wala hakunisimanga. Aliuweka ungo kando. "Basi tuangalie na kwangu," akasema.

Tulizunguka kiwanja chote, sisi wawili na watoto wake. Nyuma ya jiko lake palikuwa na tairi lililojaa maji ya mvua. Lilikuwa na viluwiluwi vingi kuliko vyungu vyangu vyote. Mfereji wa bati langu ulikuwa umeziba. Wasswa ndiye aliyetupeleka mahali ambapo watu wazima hatukuwa tumepafikiria: nyuma ya ukuta, kwenye shimo ambalo mwenye kiwanja alichimba udongo wa matofali na kuliacha. Maji yalikuwa ya kina kifupi, yenye jua, ya rangi ya maziwa ya chai. Kato, ambaye miguu yake ilikuwa bado haina nguvu, alichuchumaa akaelekeza tochi yangu japokuwa ulikuwa mchana. Juu ya uso wa maji vililala vijiti vidogo, sambamba, vimetulia. Nilimwonyesha Nalongo jinsi vinavyotofautiana na vya tairi. Alitazama kwa makini, akasema jambo ambalo sitaliandika kuhusu mwenye kiwanja.

Tangu siku hiyo nimebadili utunzaji, nawe ukipanda bromelia fanya hivi tangu mwanzo. Mbu huhitaji wiki moja au zaidi kidogo kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo kikombe kisikae na maji yaleyale wiki nzima. Kila Jumatano na kila Jumamosi naupindua mmea juu ya beseni, kisha naupiga moyo wake kwa maji ya nguvu kutoka kwenye bomba. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai ya Aedes hugandamana na ukuta wa jani juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua. Halafu narudisha maji kidogo tu, robo ya kikombe. Wakati wa masika sirudishi kabisa. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha, na kumwagia magome ya chunguni mara moja kwa wiki kunatosheleza. Usitie sabuni wala mafuta ya taa. Vitaua mbu, na vigamba vile vya fedha vitaziba, mmea ufe kwa kiu huku umejaa maji. Na kama huwezi kuupindua mara mbili kwa wiki, usiupande. Yapo maua mengi mazuri yasiyoshika maji.

Shimo ni habari nyingine. Tulimwandikia mwenyekiti wa mtaa barua, kwa Kiganda, Nalongo akitamka nami nikiandika. Alilipeleka suala kwenye siku ya bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya wanakijiji, na watu kumi na wanne wakaja na majembe. Walifukia nusu, kwa udongo uliokuwapo. Mwenye kiwanja aliahidi kuleta lori la kifusi. Mvua za pili zimeshapita, na hajaleta. Tumeandika barua ya pili, na safari hii tumenukuu Sheria ya Afya ya Umma.

Nilimpa Nalongo chipukizi moja. Alilirudisha. Alisema atalichukua siku shimo litakapofukiwa lote, kabla ya hapo hataki kuongeza maji mengine kiwanjani. Nimeliweka kando, kwenye chungu chake, bila maji kikombeni.

Kato huja kila Jumamosi asubuhi kushika tochi. Jumamosi iliyopita ndani ya beseni mlikuwa na majani mawili makavu, siafu mmoja aliyezama, na chembechembe za makaa. Aliyakagua maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akauliza kama siafu naye anahesabiwa, kisha akaniruhusu kumwaga.